Timu ya Chumba cha Pasi

Watu wanaposimulia utoto wao hutia chumvi. Kijiti, ambaye siku hizi ni mpima ardhi na hulipwa kwa kutoongeza wala kutopunguza, haamini kumbukumbu ya mtu yeyote, na ya kwake ndiyo anayoishuku zaidi. Kumbukumbu hiyo humwambia, kwa mfano, kwamba chumba cha pasi cha baba yake kilikuwa kikubwa kama ukumbi wa mikutano. Haiwezekani. Chumba chenyewe bado kipo. Kimegeuzwa duka la vipuri vya simu, na mwaka jana aliingia humo kununua chaja asiyoihitaji, akakipima kwa jicho la kazi, akaona kwamba meza ndefu ya pasi isingekaa mle bila kila mtu kupita kwa ubavu. Basi lazima walipita kwa ubavu. Hilo halikumbuki hata kidogo. Anachokumbuka ni joto.

Meza ilitandikwa mablanketi ya zamani, na juu ya mablanketi shuka iliyoungua hapa na pale kwa umbo la pasi. Baba alipofunga kazi jioni, meza ilibaki na joto lake muda mrefu, na mtoto aliyeegemeza viwiko alilisikia likipanda taratibu hadi mabegani. Hapo ndipo zilipopangwa mbao tatu za sataranji. Kwa kuwa mablanketi yalikuwa na mabonde, kete zilisimama zimeinama kidogo, kama walevi wanaojitahidi kuwa na adabu. Nguo zilizokwisha kupigwa pasi zilining'inia ukutani kuwazunguka, mashati ya watu wazima yasiyo na watu ndani, yakitazama mchezo bila kuuelewa. Chumba kizima kilinuka wanga wa kukazia kola.

Hiyo ndiyo ilikuwa timu ya watoto ya sataranji ya wilaya. Mwalimu wake alikuwa dada mkubwa wa baba, Shangazi kwa Kijiti na, baada ya muda, Shangazi kwa wote. Alikuwa karani wa mahakama. Kazi yake ilikuwa kuandika walichosema mashahidi, si walichokusudia kusema. Ofisi ya michezo ya wilaya ilipobandika tangazo la kutafuta mtu wa kuunda timu, alijitokeza yeye peke yake, labda kwa sababu ndiye peke yake aliyelisoma mpaka mwisho. Alimwomba kaka yake chumba kwa siku za Alhamisi.

"Chukua," baba alimwambia. "Ila mtoto wa mtu akiungua, wewe ndiye utakayeniandikia utetezi."

Watoto walikuwa watano, na kila mmoja alikuwa na meza yake ya mashindano kwa kadiri ya uwezo. Meza ya kwanza ilikuwa ya Kijiti, msichana aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake. Ya pili ilikuwa ya Mapengo, mvulana aliyepoteza meno ya mbele mapema na kuchelewa kuyapata mengine. Leo ni daktari wa meno, na wagonjwa wake hawajui kwamba kazi hiyo aliianza kwa kisasi. Ya tatu na ya nne zilikuwa za mapacha, ambao Shangazi mwenyewe aliwatofautisha kwa kuwauliza. Ya tano ilikuwa ya msichana mdogo aliyeitwa Kimya. Jina hilo halikuhitaji kufafanuliwa.

Shangazi hakuwafundisha mambo mengi. Alijua njia chache za kuanza mchezo na chache zaidi za kuumaliza. Katikati aliwaachia wenyewe. Lakini alikuwa na kanuni moja aliyoirithi, alivyosema, kwa mama yake, ambaye hakuwahi kucheza sataranji maishani: kabla ya kula kete ya mwenzako, unamwambia pole. Kabla, si baada. Mkono ukitangulia mdomo, kete inarudishwa mahali pake na unapoteza zamu.

"Kwa nini isiwe baada?" mmoja wa mapacha aliuliza siku za mwanzo.

"Mtu ukishamnyang'anya kitu chake, halafu ndio umwambie pole, umempa nini?"

"Umempa risiti," alisema baba, akiwa ameinamia kola ya shati.

Basi walisema pole. Waliisema Alhamisi baada ya Alhamisi, ikaanza kutoka yenyewe, kama vile mtu anavyofumba macho akipiga chafya. Hata Kimya aliisema. Kwa muda mrefu hilo lilikuwa neno pekee ambalo wenzake waliwahi kulisikia kutoka kwake, na kwa kuwa alicheza vizuri kuliko alivyoonekana, walilisikia mara nyingi.

Ligi ilikuwa ya wilaya zote za jirani, mechi Jumamosi, katika kumbi za shule. Basi dogo la ofisi ya michezo liliwapeleka kwenye mechi ya kwanza wakiwa wamevaa mashati meupe yaliyopigwa pasi kiasi cha kutokunjika. Walishuka wima kama vipande vya ubao. Wakashinda meza zote tano. Lakini kabla ya mchana kufika, mtoto wa meza ya tano ya upande wa pili alikuwa akilia kwa kwikwi, kwa sababu Kimya alikuwa amemwambia pole kila alipomla askari, kwa sauti ya chini na ya upole kabisa, na mtoto yule alikuwa na askari wanane. Anayeshindwa huvumilia mengi, lakini kuhurumiwa na yule anayemshinda ni jambo jingine. Mwalimu wa mtoto huyo aliwasilisha malalamiko ya kudhihakiwa.

Kamati ya ligi ilikaa, ikaamua. Mchezaji asimsemeshe mpinzani wakati wa mchezo. Neno la kwanza, onyo. Neno la pili katika mchezo uleule, umeshindwa.

Shangazi aliwasomea uamuzi huo Alhamisi iliyofuata kwa sauti ya mahakamani.

"Lakini si tusi," alisema Mapengo. "Ni pole."

"Kamati haikusema tusi. Imesema neno."

"Kwa hiyo wamekosea."

"Wanaweza kuwa wamekosea. Kanuni iliyokosewa ni kanuni mpaka ifutwe. Kuanzia leo mtakula mkiwa mmefunga midomo."

"Kama kwenu nyumbani," alisema baba, akimwambia dada yake, naye dada yake akajifanya hakusikia.

Ikawa rahisi kusema na vigumu kutenda. Katika mechi ya pili Mapengo, akiwa na ushindi mkononi, alipewa onyo, akaomba radhi kwa mwamuzi, akageuka, akamla ngome mwenzake, akamwambia pole. Mapacha walipewa onyo kila mmoja katika meza yake; mwamuzi, ambaye hakuwa na namna ya kujua yupi ni yupi, alimhesabia mmoja maneno ya wote wawili. Kijiti alishinda kwa kushika mdomo kwa mkono wa kushoto mchezo mzima, kama mtu anayeumwa jino. Wakashindwa mechi waliyoicheza vizuri kuliko wenzao.

Ndipo mkuu wa ofisi ya michezo alipofika chumba cha pasi. Watoto walimwita Bwana Michezo, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akicheza chochote. Alisimama mlangoni kwa kuwa tumbo lilimshauri asiingie, akatazama mbao, akatazama mashati.

"Niseme ukweli, dada karani," alimwambia Shangazi. "Basi ni moja na wanaolitaka ni wengi. Wa netiboli wananisumbua kila siku. Nimekata shauri: mkimaliza msimu katika nafasi mbili za juu, timu ipo. Mkiwa chini ya hapo, mwakani hakuna timu."

"Netiboli wako nafasi ya ngapi?"

"Hao hata wakishindwa, angalau watu wanawaona wakicheza. Hawa wako wanakaa tu."

Alipoondoka, watoto waliendelea na mchezo, lakini Kijiti hakuona tena ubao uliokuwa mbele yake. Mapengo alikuwa na mpira wa miguu. Kila pacha alikuwa na mwenzake. Kimya alikuwa na dada watano wa kumsemea. Yeye alikuwa na Alhamisi. Siku nyingine zote alikuwa binti wa dobi, yaani mtoto ambaye mwalimu humwuliza mbele ya darasa kama suruali yake iko tayari, na ambaye wenzake humnusa shingoni wakisema wanatafuta sabuni. Alhamisi na Jumamosi alikuwa Meza ya Kwanza. Watu wasiomjua walivuta kiti wakaketi mbele yake kwa hadhari. Hakuwa mtoto wa kujidanganya. Alijua kwamba timu ikifutwa hatabakiwa na kitu ila sabuni.

Baba ndiye aliyeleta dawa, akidhani anafanya mzaha. Zama zile bado alikuwa akinyunyizia nguo maji kwa mdomo, kwa ule ufundi wa madobi wa kale, funda moja likatoka kama ukungu.

"Mtu mwenye maji mdomoni hasemi pole," alisema. "Mimi huu mwaka wa ishirini simjibu mteja."

Shangazi alimtazama kaka yake kwa muda. Kisha akaenda kuleta vikombe.

Tangu siku hiyo walifanya mazoezi wakiwa na maji mdomoni. Kila mchezaji alichukua funda kabla ya kula kete, akala, akameza. Mwanzoni lilikuwa balaa. Pole ilikuwa na nguvu kuliko maji: ilitoka nayo, ikalowesha ubao, ikamlowesha mpinzani, ikayalowesha mashati ya wateja ukutani.

"Maji ya kunyunyizia ninayo," baba alilalamika, akiishusha suruali ya mwalimu mkuu. "Sikuomba msaada."

Mapengo, kwa sababu ya mapengo, alivuja. Mapacha walichekana mpaka wakapaliwa. Kimya peke yake alilimudu jambo hilo tangu siku ya kwanza. Aliweza kukaa na funda moja mchezo mzima, mashavu yamejaa, macho yametulia, na ukimtazama ungedhani amezaliwa hivyo. Kijiti alikuwa na ila yake: alipofikiri sana alimeza bila kujua, ikabidi anywe tena. Lakini polepole maji yaliacha kutoka. Alhamisi moja kilipita kipindi kizima bila neno wala tone. Shangazi alikusanya mbao, na Kijiti, alipokuwa akipangusa meza, alihisi kwamba chumba kimepungukiwa na kitu, kama nyumba ambayo saa ya ukutani imesimama.

Wakaanza kushinda. Walisafiri na chupa zao za maji, wakaziweka chini ya viti, na waamuzi hawakuona ubaya wowote katika watoto wenye kiu. Basi liliwapeleka katika kumbi ambazo Kijiti sasa huzichanganya: moja yenye jukwaa na pazia la kijani, nyingine iliyonuka chaki na viatu vya mvua, nyingine ambayo njiwa waliingia kwa juu na mwamuzi akatangaza kwamba kinyesi kikianguka ubaoni mchezo unaendelea. Njiani kurudi waliimba. Anachokumbuka Kijiti ni kwamba waliimba vizuri, jambo ambalo Mapengo amelikanusha mara kadhaa mbele ya mashahidi.

Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya timu ya mjini. Hesabu ilikuwa nyepesi: wakishinda, wanamaliza nafasi ya pili, wakitoka sare au wakishindwa, ni ya tatu. Ukumbi ulikuwa wa shule kubwa, sakafu imepigwa nta, viti vyote vya aina moja. Wachezaji walitengwa na watazamaji kwa kamba. Mwamuzi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mtu mzima aliyefunga miwani kwa uzi shingoni, na watoto wa pande zote walimwita Bibi bila kuambiwa.

Mpinzani wa Kijiti alikuwa mvulana aliyevaa tai. Haikuwa tai ya shule. Ilikuwa tai ya mtu mzima iliyofupishwa, na aliivaa kama mtu aliyeizoea. Alimpa Kijiti mkono bila kumtazama. Walicheza hatua za mwanzo upesi, kila mmoja akifanya alichofundishwa, kisha mvulana yule akamchukua farasi wake akamweka mahali ambapo askari wa Kijiti angemla bure.

Kijiti akashika tama. Mtu wa meza ya kwanza ya mjini hampi mtu farasi bure. Alitafuta mtego upande wa mfalme, akautafuta upande wa malkia, akahesabu hatua mpaka zikamchanganya, na saa yake iliyokuwa ubavuni mwa ubao ikaendelea kula muda wake. Hakuuona. Mwishowe alijikaza kisabuni, akanyoosha mkono, na mdomo ukatangulia.

"Pole."

Bibi alikuwa amefika kabla Kijiti hajamaliza kumwinua farasi. "Onyo la kwanza, binti. La pili ni la mwisho, unajua."

"Ndiyo, Bibi."

Mvulana wa tai hakuonyesha furaha wala huzuni. Hatua mbili baadaye akaiweka ngome yake palepale, bure.

Hapo Kijiti akaelewa. Mtego aliokuwa akiutafuta haukuwa ubaoni. Walikuwa wamesikia habari zao, watu wa mjini, wakafanya hesabu: farasi mmoja kwa onyo, ngome moja kwa mchezo mzima. Biashara nzuri. Hata leo, akiwa mtu mzima asiyesifia ovyo, Kijiti hukiri kwamba ilikuwa mbinu bora kuliko zote alizowahi kuona zikichezwa dhidi yake, na kwamba aliyeibuni lazima alifika mbali.

Aliinama chini ya kiti, akachukua chupa, akajaza mdomo. Akaila ngome. Akameza.

Mvulana wa tai alitazama mashavu yake kwa makini. Akamtoa askofu. Kijiti akanywa, akamla askofu, akameza. Mvulana akamtoa farasi wa pili. Kijiti akanywa. Wakati huo meza nyingine zilikuwa zikiisha moja moja. Mapengo alishinda. Pacha mmoja alishinda, mwingine akashindwa, na kama kawaida haikujulikana nani wa kupongezwa. Kimya alishindwa, kimya. Ikawa mbili kwa mbili, na watu wote wakasogea kwenye kamba kutazama meza ya kwanza, ambapo mvulana wa mjini alikuwa amebakiza mfalme, malkia, ngome moja, askofu mmoja na askari kadhaa, na msichana wa chumba cha pasi alikuwa na jeshi zima na uso wa mtu mwenye shida nyingine kabisa.

Shida ilikuwa maji. Alikuwa ameinywa karibu chupa yote, na yote ilikuwa mahali inapokwenda. Kanuni ilimruhusu kutoka kwenda chooni, lakini saa ingeendelea kumla, na muda wake mwingi ulikuwa umekwisha katika kutafuta mtego usiokuwapo. Alibana miguu. Akahamisha uzito kutoka upande huu wa kiti hadi ule. Funda jingine lisingewezekana. Hata kulifikiria hakukuwezekana.

Ndipo akaona mwisho. Malkia wake, akimla askari aliyesimama mbele ya mfalme wa mvulana wa tai, akilindwa na askofu wake kwa mbali, angemaliza kazi. Mfalme asingekuwa na pa kwenda. Alitafuta njia nyingine ya kumaliza bila kula kitu. Haikuwapo, au ilikuwapo na kibofu hakikumpa nafasi ya kuiona. Akamwinua malkia.

Bibi wakati huo alikuwa amegeuka kuwanyamazisha watazamaji. Alisikia neno, akageuka. Alipogeuka malkia alikuwa amekwisha kukaa, askari yuko mkononi mwa Kijiti, mfalme amekwama.

"Nimesikia neno," alisema.

"Amesema pole," alisema mwalimu wa mjini kutoka nyuma ya kamba. "Ni mara ya pili. Mchezo ni wetu."

"Mfalme amekufa," alisema Shangazi, bila kupandisha sauti. "Mfalme akifa, mchezo umekwisha. Neno la baada ya mchezo si neno la mchezoni."

"Na kama alisema kabla?"

"Kama alisema kabla, mchezo ni wenu."

Bibi aliivaa miwani yake, ingawa hakukuwa na kitu cha kusoma. Akamwuliza mvulana wa tai.

"Nilikuwa namtazama mfalme," alisema mvulana. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Sikumbuki lilitoka lini."

"Na wewe, binti? Ulisema kabla ya kumweka malkia, au baada?"

Nyuma ya kamba pacha mmoja alinong'ona, "Baada, baada," na mwingine akakohoa jambo lilelile. Mapengo alikuwa ameishika kamba kwa mikono miwili. Kijiti alimtafuta Shangazi kwa macho. Shangazi alikuwa akitazama dari. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amekaa chini ya watu wanaoulizwa maswali, na alijua kwamba shahidi akipewa hata ukope wa kumsaidia, kilichoandikwa hakina thamani tena.

"Kabla," alisema Kijiti.

"Una hakika?"

"Pole husemwa kabla, Bibi. Naomba kwenda chooni."

Aliporudi, viti vilikuwa vikipangwa ukutani na timu ilikuwa imekufa.

Katika ukoo wao kisa hiki kimekuwa hadithi ya ukweli na uadilifu, na kila mtoto anayekamatwa na uongo huletewa habari za Kijiti na malkia wake. Mwenyewe hakubaliani nao. Aliulizwa swali la mpangilio, kipi kilitangulia, na mpangilio huo alikuwa ameukariri Alhamisi zote hizo kama anavyokariri mtoto jedwali la kuzidisha. Isitoshe, uongo unahitaji utulivu wa mwili, na yeye hakuwa nao. Anachojua ni kwamba alipotoka chooni alijisikia mwepesi kwa namna iliyo wazi, kisha akakumbuka, akasimama kwenye korido ile ndefu iliyong'aa nta, na hakutaka kuufungua mlango wa ukumbi.

Basini hakuna aliyeimba.

"Neno moja tu," Mapengo alisema, wakiwa wamekwisha kutoka mjini. "Ungesema baada. Uliambiwa mara ngapi?"

"Sikuambiwa niseme baada. Niliambiwa nisiseme."

"Basi si hungesema."

"Basi nilisema."

"Mwacheni," Shangazi aliwaambia kutoka kiti cha mbele. Baada ya kitambo akaongeza, akiitazama barabara, "Mimi nimeandika majibu ya watu mpaka kidole kimeota sugu. Mafupi ni machache." Hakuna aliyejua kama hiyo ilikuwa sifa. Mapengo alihamia kiti cha nyuma kabisa.

Bwana Michezo alitimiza ahadi yake, jambo ambalo halikuwa desturi ya ofisi ile. Juma halijaisha, basi lilikuwa la netiboli.

Alhamisi ikafika. Kijiti alirudi kutoka shuleni akakuta meza imejaa shuka za hoteli, rundo refu kuliko yeye, nyeupe, bado zina joto la jua. Hakuzisogeza. Hakukuwa na sababu ya kusogeza kitu. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamtazama baba akipiga pasi, na baba, mtu wa maneno mengi, akawa anapiga pasi.

Wa kwanza kuingia alikuwa Kimya. Alipita kwa ubavu, akasimama pembeni ya rundo. Kisha wakaja mapacha, wakidai kwamba walikuwa wanapita tu, ingawa nyumba yao ilikuwa upande mwingine wa mji. Mapengo alifika akiwa na uso uleule aliokuwa nao basini, hakumsalimu Kijiti, akauegemea ukuta kati ya makoti mawili. Mwisho akaja Shangazi kutoka mahakamani na mfuko wa kete begani. Aliwaona, akaweka mfuko chini.

"Timu haipo," alisema. "Hakuna ligi, hakuna basi. Hilo mnalijua."

Walilijua.

"Mmekuja kuhani?" baba aliuliza. Akaizima pasi. "Basi sikilizeni. Meza ina kazi ya watu. Anayetaka ubao akunje shuka kwanza. Wawili wawili."

Mapacha walishika moja mara moja, kwa kuwa kwao wawili wawili halikuwa tatizo. Kimya akamwendea Shangazi. Wakabaki wawili, na rundo katikati yao.

Kijiti aliivuta shuka ya juu, akashika pembe mbili, akangoja. Mapengo alitazama dari, akatazama makoti, kisha akajibandua ukutani, akazichukua pembe nyingine mbili, akarudi nyuma hadi shuka ikanyooka baina yao.

"Vuta," alisema.

"Nimevuta."

"Huko chini imekunjana. Vuta sawa, wewe."

Akavuta sawa. Mapengo akaja mbele hatua kwa hatua, mikono juu, mpaka pembe zikakutana na pembe na vidole vyake vikagusa vya Kijiti. Akamwachia upande wake aushike, akainama kuokota mkunjo uliobaki chini. Waliiweka mezani, wakaisawazisha kwa viganja. Kisha wakachukua nyingine.